Barua za mapenzi, feza za wajane: filamu ndogo ya 1970 ambayo ingali inauma

Muuguzi mmoja, mwanamke mnene na mkali kazini, anarudi nyumbani na kukuta barua inamngoja. Haitoki kwa ndugu wala kwa mpenzi. Inatoka kwenye kilabu, kimoja kati ya vile vilabu vya Marekani vilivyokuwa vikiuza majina na anwani za watu wapweke wanaotafuta kuoa ao kuolewa. Yeye hakujiandikisha, ni rafiki yake wa karibu aliyepeleka jina lake kwa siri. Muuguzi anakasirika. Kiisha hasira inapoa, anatafuta kalamu.

Ndivyo kisa kinavyoanza katika «The Honeymoon Killers», filamu ya Marekani iliyotoka mwaka wa 1970. Jina lake lina maana ya «Wauaji wa fungate». Ni filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, na ilitengenezwa kwa dola karibu 150,000, feza ambazo kampuni kubwa za sinema za wakati ule zisingekubali kuanzia hata kazi ya juma moja. Hakuna magari yanayokimbizana, hakuna polisi hodari, hakuna mwizi mzuri wa sura ambaye watazamaji wanatamani aponyoke. Silaha kubwa ya wahalifu hawa ni karatasi, kalamu na posta.

Na kisa chenyewe ni cha kweli. Mwanaume na mwanamke wanaoonyeshwa humo waliishi, walidanganya, waliua, na wote wawili walikufa usiku mmoja kwenye kiti cha umeme katika gereza la Sing Sing, jimbo la New York, tarehe 8 mwezi wa tatu mwaka wa 1951.

Mwizi mwenye subira ya kuandika

Raymond Fernandez alizaliwa Hawaii mwaka wa 1914, wazazi wake wakiwa Wahispania. Kule Uhispania alikuwa na bibi wa ndoa na watoto. Mwaka wa 1945, akiwa safarini kwenye meli, kifuniko cha chuma kilimpiga kichwani na kumjeruhi vibaya. Waliomjua walisema kwamba aliyetoka hospitali hakuwa tena mtu yule yule. Nyuma ya hapo alifungwa kwa wizi, na alipoachiliwa alikuwa ameanza kuamini kwamba ana nguvu za vodu za kuvuta wanawake kutoka mbali.

Nguvu yake ya kweli ilikuwa rahisi zaidi. Alikuwa na subira ya kuandika barua.

Ili kuelewa kazi yake, lazima kuelewa vilabu vile. Vingi vilikuwa biashara halali. Mtu alilipa ada ndogo, naye akatumiwa orodha ya majina pamoja na anwani, umri, na maneno machache ambayo kila mmoja aliandika juu yake mwenyewe. Huyu ni mjane. Yule ana nyumba yake. Mwengine anapenda kanisa na muziki, na watoto wake wamekwisha kuwa wakubwa. Kwa mtu mwema hayo ni maneno ya kujitambulisha tu. Kwa mwizi ni ramani: inamwonyesha nyumba yenye mali, na inamwambia kwamba ndani yake hakuna mwanaume wa kuuliza maswali.

Fernandez aliandikia wanawake kadhaa kwa wakati mmoja. Barua zake hazikuwa na haraka. Hakuomba feza katika barua ya kwanza wala ya pili. Aliuliza habari za afya, alisifu picha aliyotumiwa, alisimulia upweke wake mwenyewe. Mwanamke aliyekaa miezi bila mtu wa kumwuliza ameamkaje alianza kuhesabu siku za posta. Alipofika mwenyewe mlangoni, na suti yake na adabu yake, kazi ilikuwa imekwisha kufanyika. Kiisha siku moja alitoweka pamoja na feza za banki, mapambo, ao vyote viwili.

Aliyeibiwa namna hiyo alibaki na njia mbili. Angeweza kwenda polisi na kueleza, mbele ya watu wanaoandika kila neno, jinsi alivyompa feza zake mwanaume aliyemjua kwa barua tu. Majirani wangesikia. Watoto wake wangesikia. Pengine gazeti lingeandika. Ama angeweza kufunga mlango na kunyamaza. Wengi walinyamaza, na haya hiyo ndiyo iliyomlinda Fernandez kuliko ujanja wake wote.

Dada asiyekuwa dada

Mwaka wa 1947 barua zake zilimfikia Martha Beck, muuguzi wa Florida. Martha alizaliwa katika mji mdogo wa Milton na alikuwa amepanda cheo hadi kusimamia hospitali ya watoto vilema mjini Pensacola. Alikuwa na watoto wawili, na ndoa iliyovunjika. Fernandez alikwenda kumtembelea, akaona kwamba hana mali ya kuiba, akarudi New York na kujaribu kumkatia mawasiliano.

Kwa kawaida hapo ndipo kisa kingeisha. Lakini Martha hakuwa mtu wa kufunga mlango na kunyamaza. Alimfuata hadi New York, na yeye alipomweleza wazi kazi anayofanya, hakuondoka. Mwezi wa kwanza mwaka wa 1948 aliwaacha watoto wake kwenye Jeshi la Wokovu na kubaki na mwanaume huyo. Filamu imebadilisha jambo hili: humo Martha hana watoto, ana mama mzee, na ndiye anayeachwa kwenye nyumba ya wazee. Namna zote mbili zinaonyesha mtu aliyekata kamba zote kwa ajili ya mapenzi yaliyoanzia kwenye bahasha.

Kuanzia hapo walisafiri wawili. Fernandez ndiye mchumba. Martha ndiye «dada yake». Uongo huo ulikuwa na maana yake. Mwanamke anayempokea mgeni kutoka mbali ana wasiwasi, na ana haki ya kuwa nao. Akiona mgeni amekuja na dada yake, tena muuguzi, mtu anayejua kupima homa na kutengeneza chai, moyo unatulia. Nani anakuja kuiba akiwa na dada?

Shida ni kwamba dada huyo alikuwa na wivu. Hakutaka Fernandez alale chumba kimoja na wanawake aliokuwa akiwaoa kwa uongo. Mara alijifanya mgonjwa, mara aliomba kulala kitanda kimoja na bibi arusi. Udanganyifu wa barua unahitaji utulivu na muda. Wivu hauna kimoja wala kingine. Ndoa za uongo zilianza kuisha vibaya. Mwaka wa 1948 mwanamke mmoja aliyefunga ndoa na Fernandez alinyweshwa dawa, akapandishwa kwenye basi, akafa baada ya kufika Arkansas.

Serikali haikukosa sheria. Tangu mwaka wa 1872 Marekani inahesabu kuwa kosa la serikali kuu kutumia posta kwa kudanganya watu, na sheria hiyo imefunga wengi. Charles Ponzi, yule ambaye jina lake linatajwa hata leo kila mara watu wanapoliwa feza kwa ahadi za faida ya haraka, alikubali kosa hilo hilo mwaka wa 1920 na kuhukumiwa miaka 5. Wapelelezi wa posta walikuwa na sifa, hata Hollywood iliwatengenezea filamu: «Postal Inspector» ya mwaka wa 1936, ambamo Bela Lugosi anacheza mtu mbaya, na «Appointment with Danger» ya 1951, ambamo Alan Ladd ndiye mpelelezi. Katika filamu za aina hiyo mkono wa serikali unafika kwa wakati. Katika «The Honeymoon Killers» hakuna mpelelezi wa posta hata mmoja, na hilo si kosa la mwandishi. Mpelelezi anakuja akiitwa. Hakuna aliyemwita.

Filamu ya watu waliokosa feza

Namna filamu yenyewe ilivyozaliwa ni kisa kingine. Warren Steibel alikuwa mtayarishaji wa televizio. Ndiye aliyekuwa nyuma ya «Firing Line», kipindi cha mabishano ya siasa cha William F. Buckley. Rafiki yake tajiri, Leon Levy, alimpa dola 150,000 atengeneze sinema. Kwa kuwa feza hazikutosha kulipa mwandishi wa kazi hiyo, Steibel aliomba rafiki mwengine, Leonard Kastle, afanye uchunguzi na kuandika.

Kastle hakuwa mtu wa sinema. Alikuwa mtunzi wa muziki wa opera; moja ya kazi zake, «Deseret», ilionyeshwa kwenye televizio ya NBC mwaka wa 1961. Alisoma habari za kesi ya mwaka wa 1949 na kuona kwamba mambo yaliyotokea yanatosha, hayahitaji kuongezwa sukari. Alikuwa pia na hasira na «Bonnie and Clyde», filamu ya mwaka wa 1967 iliyowapendeza watu wengi. Majambazi wake wawili ni vijana wazuri, wamevaa vizuri, na hata wanapokufa kamera inawafanya wapendeze. Kastle alitaka wauaji wasiopendeza, wapigwe picha bila mapambo. Ukosefu wa feza ulimsaidia: taa zilikuwa chache, nyumba ni za kawaida, sakafu na makochi ni yale ambayo yangeonekana kwa jirani yeyote.

Muongozaji wa kwanza aliyeajiriwa alikuwa kijana asiyejulikana sana, Martin Scorsese. Hakumaliza hata majuma mawili. Alipiga sehemu ndefu ndefu bila kukata, bila kuchukua picha za karibu za akiba, na kwa feza zile hakuna aliyeweza kungoja. Alifukuzwa, na miaka mingi nyuma yake, akiwa amekwisha kuwa mmoja wa waongozaji wakubwa wa dunia, alikubali mwenyewe kwamba walikuwa na sababu ya kumfukuza. Mwengine, Donald Volkman, alishika kazi kwa muda mfupi. Mwishoni Kastle aliyeiandika ndiye aliyeiongoza. Hakuwa ameongoza filamu hata moja, na hakuongoza nyingine tena hadi alipofariki mwaka wa 2011, akiwa na miaka 82.

Mpiga picha alikuwa Oliver Wood, ambaye baadaye alipiga filamu kubwa kama «The Bourne Identity». Muziki ulitoka kwa Gustav Mahler, uchaguzi wa mtu wa opera: muziki mzito wa okestra unapigwa juu ya watu wanaohesabu sheki za mjane kwenye meza ya jikoni. Mtu angefikiri hauwezi kukaa hapo. Unakaa.

Kama Fernandez waliweka Tony Lo Bianco, ambaye mwaka uliofuata alionekana katika «The French Connection». Kama Martha waliweka Shirley Stoler, na bila yeye filamu hii ingesahaulika. Wakati wa kesi ya kweli magazeti ya Marekani yalimcheka sana Martha Beck juu ya unene wake, kana kwamba kosa lake kubwa lilikuwa mwili wake. Filamu haimcheki. Stoler anatembea ndani yake kama mtu ambaye amesikia mizaha hiyo tangu utoto na amekwisha kuhesabu kila mmoja. Anapotazama barua ya Fernandez, uso wake hautangazi kitu, lakini mtazamaji anaelewa kwamba kwa mara ya kwanza kuna mtu aliyemwandikia yeye.

Kwa wengine filamu haina huruma hiyo, na hapa ndipo inapokosea. Wanawake wa kwanza wanaoibiwa wamechorwa kama vichekesho. Mmoja ni bahili, mwengine anapenda kujitutumua, mwengine anapaza sauti kwa kila jambo. Watazamaji wanacheka, na bila kujua wanafanya kazi ile ile iliyomlinda Fernandez kwa miaka. Mtu aliyeibiwa anaogopa kuchekwa. Filamu inathibitisha kwamba hakuogopa bure. Pengine Kastle alitaka hivyo, ili kicheko kikwame kooni baadaye. Pengine ni udhaifu tu wa mtu anayetengeneza filamu ya kwanza. Vyovyote iwavyo, kicheko kinakwama.

Usiku wa Janet Fay

Kinakwama anapofika Janet Fay. Katika maisha ya kweli alikuwa mjane wa miaka 66 kutoka mji wa Albany, mtu wa kanisa. Katika filamu anachezwa na Mary Jane Higby, ambaye kwa miaka mingi sauti yake ilisikika Marekani yote katika michezo ya redio ya mapenzi na ndoa. Watazamaji wa umri mkubwa waliijua sauti hiyo. Sasa iko kwenye koo la bibi kizee mwenye maneno mengi, anayebeba picha za Yesu na kupanga harusi.

Amekwisha kutoa sheki zake. Lakini usiku usingizi unamkataa. Anaanza kuuliza maswali ambayo angepaswa kuuliza mapema: juu ya feza, juu ya «dada», juu ya sababu ya familia yake kutoambiwa kitu. Maswali ni ya akili kabisa. Ndiyo maana yanamwua.

Filamu nyingi zingekata picha hapo, ama zingeongeza kelele. Hii inakaa. Martha anachukua nyundo. Bibi hafi mara moja. Fernandez na Martha wanazungumza juu ya la kufanya, kwa sauti ya watu wanaotafuta namna ya kutengeneza bomba lililopasuka, na kamera inakwenda kwenye macho ya bibi kizee, macho wazi, yanayosikia kila neno. Kisha kinafuata kitambaa na fimbo ya kukazia. Hakuna damu nyingi. Hakuna haja yake. Mtazamaji aliyecheka mbele ya hapo anajua sasa alikuwa akimcheka nani.

Janet Fay wa kweli aliuawa mwezi wa kwanza mwaka wa 1949 huko Long Island. Mwili wake ulitiwa ndani ya sanduku na kuzikwa chini ya saruji katika ghala la chini la nyumba moja ya Queens. Kiisha wauaji wakarudia chombo walichokizoea: waliandika barua. Familia ya marehemu ilipokea maneno ya furaha, kana kwamba bibi arusi yuko salama na bwana yake mpya. Barua ilikuwa imepigwa kwa mashini. Janet Fay hakuwa na mashini ya kuandikia, wala hakujua kuitumia. Watu wawili walioishi kwa kuandika walishindwa kuandika kama bibi kizee mmoja, na familia ikatoa habari kwa polisi.

Lakini mbele ya polisi kuwapata, walikuwa wamekwisha kufika Michigan kwa mjane mwengine, Delphine Downing, mama kijana mwenye mtoto wa kike wa miaka 2. Mwishoni mwa mwezi wa pili mama huyo alipigwa risasi na Fernandez. Mtoto alilia siku nzima. Martha alimzamisha majini. Wote wawili walizikwa chini ya nyumba yao wenyewe. Kufuatana na habari za kesi, wawili hao walikwenda kutazama sinema, na ni waliporudi ndipo polisi, walioitwa na majirani, walipobisha mlango.

Filamu inabadilisha mwisho huo. Humo ni Martha mwenyewe anayeshika simu na kuita polisi, akiwa amechoka na uongo wa mwanaume ambaye ameendelea kumdanganya yeye pia. Ni mabadiliko makubwa, na watu wa historia wana haki ya kuyapinga. Lakini yanasema jambo moja lenye ukweli ndani yake: katika kisa chote, mtu wa kwanza aliyeibiwa kwa barua ni Martha, naye peke yake ndiye aliyelipa ili aendelee kuibiwa.

Jimbo lisilo na kiti cha umeme

Walipokamatwa walizungumza sana. Michigan ilikuwa imefuta adhabu ya kifo kwa wauaji tangu karne ya 19, nao walifikiri kwamba watakaa gerezani huko, pengine watoke siku moja. New York ilikuwa na kiti cha umeme, na New York ilikuwa na mwili wa Janet Fay. Gavana wa Michigan alikubali wapelekwe. Kesi ilifanyika Bronx wakati wa joto mwaka wa 1949, mbele ya jaji Ferdinand Pecora. Umati wa watu, wengi wao wanawake, ulisukumana kuingia ndani ya tribinali kusikia habari za mapenzi yao. Walishukiwa kuua watu hadi 20, lakini hukumu ilitolewa kwa kifo cha Janet Fay peke yake.

Wengine walioibiwa bila kuuawa hawakupata kesi yao. Katika habari za mwaka ule majina yao yanapita haraka, ama hayapo.

Hollywood haikungoja. Mwaka wa 1950, wahukumiwa wakiwa wangali hai, kampuni ya Republic ilitoa «Lonely Heart Bandits», filamu ya saa moja hivi, ya bei ndogo, iliyochukua kisa na kukipaka rangi. Miaka 20 baadaye ilifika filamu ya Kastle. Kampuni ya kwanza iliyotaka kuisambaza iliiacha, ikachukuliwa na Cinerama Releasing. Haikuleta feza nyingi, lakini huko Ulaya ilipata marafiki wakubwa: François Truffaut, muongozaji wa Ufaransa, aliitaja kuwa filamu ya Marekani anayoipenda kuliko zote. Mwaka wa 2003 nyumba ya Criterion iliitoa upya kwenye DVD, na tangu hapo hupatikana kwa anayetafuta. Shirley Stoler alicheza baadaye nchini Italia katika «Seven Beauties» ya Lina Wertmüller, na akafariki mwaka wa 1999. Tony Lo Bianco alifariki mwaka wa 2024.

Kisa kimehamishwa mara kadhaa. Arturo Ripstein alikipeleka Mexico mwaka wa 1996 katika «Profundo carmesí». Mwaka wa 2006 John Travolta na Salma Hayek walikicheza katika «Lonely Hearts», filamu ghali yenye polisi wengi, ambayo haiuzidi udogo wa ile ya kwanza. Halafu mwaka wa 2014 Fabrice Du Welz, muongozaji wa Ubelgiji, alitengeneza «Alleluia», iliyozungumzwa kwa Kifaransa. Wawili wake wanakutana kwenye intaneti, katika mtandao wa watu wanaotafuta wachumba. Dada wa uongo yupo, wivu upo, wajane wapo. Zaidi ya miaka 60 imepita, na kitu kikubwa alichopaswa kubadilisha ni posta tu. Mtu wa Goma, Bukavu ao Lubumbashi ambaye amepata kupokea kwenye simu maneno matamu ya daktari mjane anayeishi ng'ambo hahitaji kuelezwa kwa nini.

Katika filamu ya Kastle, picha za mwisho ni za gerezani. Martha anangoja kesi. Mlinzi anampa barua, nayo imeandikwa na Fernandez. Ni mkono ule ule ulioandikia wajane, na maneno ni yale yale ya mapenzi ambayo mtazamaji ameyasikia tangu mwanzo na ambayo anajua yaligharimu watu wangapi. Sauti ya mwanaume inayasoma. Martha anaifuata barua mstari kwa mstari, akiwa peke yake kwenye ukumbi mrefu, na machozi yanaanza kumtoka.